Maswali ya Wasomaji: Mashimo ya Mfalme Sulemani, Stanley na Waliobeba Mizigo

Katika toleo lililopita niligusia kanisa la zamani la misheni hapa Bagamoyo, ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Aya ile ilikuwa fupi, lakini imeleta barua nyingi, na karibu zote zimeelekea upande mmoja: vile vitabu vya safari na ushujaa vilivyoandikwa Uingereza zama za Malkia Victoria, ambavyo wengi wetu tulivisoma kwa Kiswahili shuleni au tulivikuta kwenye masanduku ya wazee. Nimefundisha historia hadi nikastaafu, na hakuna somo lililonikaa moyoni kuliko hili. Ukurasa wote wa safari hii ni wenu.

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga. Babu alipofariki niliachiwa sanduku lake la vitabu, na humo nimekuta Mashimo ya Mfalme Sulemani, jalada limeliwa na mchwa. Nilikisoma usiku kucha. Dada yangu aliyeko chuo kikuu anasema ni kitabu cha wakoloni, nikichome moto. Je, mashimo hayo yalikuwepo kweli? Na ni vibaya kukipenda?

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu. Kitabu usikichome. Kikung'ute mchwa, kianike kivulini, ukishonee jalada la karatasi ngumu. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1929, na aliyeifanya, Frederick Johnson, ndiye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha, na jina lake liko kwenye kamusi kubwa ya Kiswahili ya 1939. Watoto wa Tanganyika, Kenya na Unguja wamejifunza kusoma hadithi ndefu kwa kitabu hicho. Mimi mwenyewe nilimsomea marehemu baba kwa sauti, jioni, kwenye mwanga wa chemli, na tulipofika pale mlango wa jiwe unaposhuka taratibu, yule kizee Gagool anajaribu kupenya chini yake, msichana Foulata kamng'ang'ania hamwachii, baba aliacha kutafuna tambuu. Gagool anasagwa na jiwe, Foulata anakufa kwa jeraha la kisu, na wale Wazungu watatu wanabaki gizani na masanduku ya almasi, taa inakaribia kuzimika, chakula ni kidogo na njia ya kutokea hawaijui. Mtu aliyeandika hivyo alijua kazi yake. Kukipenda si dhambi.

Mashimo yenyewe hayakuwepo. Mtunzi wa kitabu, H. Rider Haggard, alipelekwa Natal mwaka 1875 akiwa na miaka 19, kufanya kazi kwa gavana wa Kiingereza. Mwaka 1877 Waingereza walipoitwaa Transvaal, yeye ni miongoni mwa waliopandisha bendera pale Pretoria. Kwa hiyo ukoloni hakuusoma gazetini, aliushika kwa mikono yake. Aliporudi kwao akakiandika kitabu kwa wiki kama sita, baada ya kubishana na ndugu yake kuhusu Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson, na kikatoka mwaka 1885. Almasi za Kimberley zilikuwa zimeshawatia watu wazimu. Na habari za magofu ya Zimbabwe zilikuwa zimeshaenea Ulaya tangu mwaka 1871, Mjerumani Carl Mauch alipoyafikia, akaona ubao wa mlangoni, akasema huu ni mwerezi wa Lebanoni, basi hapa ni kwa Malkia wa Sheba. Ubao mmoja tu! Kuta zile zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, nazo zimezungukwa na watu wenye lugha yao na wafalme wao, lakini yeye akaona bora aliyejenga atoke Biblia kuliko atoke kijiji cha jirani.

Hapo ndipo dada yako ana haki, na ninataka umsikilize vizuri. Haggard hakuibuni ile fikra kwamba kila kikubwa kilichoko Afrika kimeletwa na wageni wa kale. Aliikuta, akaipamba vizuri sana, akaipeleka kwa watoto. Mwaka 1905 mchimbuzi David Randall-MacIver alisema Zimbabwe ni kazi ya Waafrika, watu wakamkasirikia. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, akathibitisha hivyohivyo. Tazama mwaka, mwanangu. Katika mwaka uleule ambao sayansi ilisema kuta zilijengwa na mababu wa Washona, watoto wa Tanga walikuwa wanaletewa kwa Kiswahili habari za mashimo ya Sulemani. Nikikumbuka hilo naumia, kwa sababu mwalimu wetu wa darasa la saba hakutuambia, na nadhani na yeye hakuambiwa.

Angalia na saa ambayo kitabu kilitoka. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara na nchi jirani, bara la Bagamoyo yetu, kwa mikataba ambayo Peters aliizungukia vijijini kwa wiki chache. Septemba mwaka huohuo mtoto wa London ananunuliwa kitabu kinachomwambia kwamba ng'ambo ya jangwa kuna nchi yenye majeshi, barabara na mfalme dhalimu, na haitatengemaa mpaka waje mabwana watatu wenye bunduki. Kitabu hakikuleta bendera. Bendera ilikuwa imeshakuja. Kilichofanya ni kumzoesha yule mtoto, ili akikua na kutumwa huku kuwa bwana shauri asione ajabu kutawala watu asiowajua.

Lakini nenda ukasome tena mwisho wake. Umbopa aliyeingia kama mtumishi, ambaye ndiye Ignosi mwenye kiti, anawaaga rafiki zake na kuwaambia kwamba hatamruhusu Mzungu mwingine avuke ile milima: hataki wafanyabiashara na bunduki zao na pombe, wala hataki wa kuja kuhubiri. Maneno hayo kayaandika mtu aliyepandisha bendera Pretoria. Mimi nimeyafikiria sana. Naona Haggard alijua fika kinachofuata nyuma ya wasafiri, maana alikiona kwa macho yake, na nafsi yake ilimtaka Ignosi asalimike. Mwoneshe dada yako ukurasa huo, kisha mbishane. Nitafurahi mkiniandikia mlipofikia.

Jambo la mwisho kwako. Pale Wazungu wanapojipatia heshima kwa kutabiri kupatwa, chapa ya kwanza ya Kiingereza ilisema ni jua lililopatwa, siku moja baada ya mwezi mpevu. Haiwezekani. Jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo tu. Baadaye Haggard akabadilisha, ukawa mwezi. Sisi watu wa pwani tuna sala ya kupatwa kwa jua na sala ya kupatwa kwa mwezi, na wazee wetu wamehesabu miandamo karne na karne. Mwenye kulikosea anga katika hadithi ile ni mtunzi, wala si wale askari wa mfalme Twala aliowatetemesha.

Bibi, hujambo. Hapa Chumbageni mzee mmoja alituambia kwamba ramani iliyowaleta akina Burton ilitokana na maneno ya watu wa Tanga. Ni kweli au ni majivuno yetu?

Sijambo, ndugu yangu, na ni kweli. Mmisionari Mjerumani Jakob Erhardt aliishi Tanga mwaka 1854 kwa miezi kadhaa, akawahoji wafanyabiashara wa misafara: unatoka wapi, unalala wapi, unakuta nini. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakachora ramani, ikachapishwa Ulaya 1855 na 1856, na katikati yake pana ziwa moja kubwa la kutisha, limejikunja mithili ya konokono aliyevuliwa gamba. London walilicheka na kulibishania sana, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikamtuma Richard Burton na John Speke waje kutazama.

Waliosimulia hawakudanganya. Aliyepita njia ya Kilwa alifika kwenye maji, ambayo ni Nyasa. Wa njia ya Bagamoyo alifika kwenye maji, Tanganyika. Wa njia za kaskazini naye alisikia habari za Nyanza. Wachoraji wakayaunganisha maji matatu kuwa moja. Burton na Speke walipoondoka pwani ya Kaole mwaka 1857 walifuata njia iliyokanyagwa na kila mtu, wakilipa hongo, yaani ushuru wa njia, Ugogo palepale wengine walipolipia, na mwaka 1858 wakaliona Tanganyika, kisha Speke peke yake akaliona Nyanza. Hilo la pili akaliita kwa jina la malkia wake.

Miaka kama kumi baadaye mtoto mmoja wa Kipolandi, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Joseph Conrad, aliweka kidole penye doa jeupe katikati ya ramani ya Afrika na kusema akikua atakwenda pale. Doa jeupe hilo ndilo lililozaa hadithi zote hizi. Nanyi mnajua weupe wake ulikuwa wa karatasi. Huko kwenyewe palikuwa na masoko, vivuko, watoza ushuru, mashamba ya mtama, na mtu wa Tanga aliyeweza kukuhesabia siku za mwendo kituo kwa kituo.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Dunda. Walipelekwa ziara ya mji mkongwe, na aliyewatembeza aliwaambia Stanley alitoka Bagamoyo peke yake kwenda kumtafuta Livingstone. Mtoto amechora picha: Mzungu mmoja, bunduki moja, msitu. Nimwambie nini?

Marahaba mama. Mwambie achukue karatasi kubwa zaidi.

Machi 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliondosha Bagamoyo misafara mitano, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho ukiwa na yeye mwenyewe tarehe 21. Jumla yao walikuwa watu 192, na wengi wao walikuwa wapagazi. Wazungu wenzake wawili, Farquhar na Shaw, walifia njiani. Aliyekuwa mkuu wa askari wake ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akarudi, ambaye alishakwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant, na baada ya Stanley akavuka bara zima na Cameron. Mtu huyo ameliona bara hili kuliko karibu kila Mzungu aliyeandika kitabu juu yake.

Na walipofika Ujiji Novemba ile, kabla ya lile tamko maarufu la kuvua kofia, "Dr. Livingstone, nadhani?", aliyetoka mbio kwenye umati na kumwamkia Stanley kwa Kiingereza alikuwa mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba: Susi, mtumishi wa Livingstone. Stanley mwenyewe kayaandika haya. Dunia imeshika salamu ya pili, ya kwanza imeiacha. Mwambie mwanao amchore Susi.

Kisha umsimulie lililomleta Susi hapa kwetu, maana hilo ndilo simulizi la ushujaa lenyewe, na limetokea kweli. Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao walishauriana. Wangeweza kumzika, wakagawana mali na kila mtu akashika njia yake, na nani angewauliza? Wakautoa moyo wakauzika chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya misheni, akasoma sala ya mazishi. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwenye gamba la mti na turubai, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe wakamkuta Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Hebu fikiria, mama: ofisa wa jeshi la majini la malkia anasema zikeni, na watu wanaohesabiwa kuwa watumishi wanasema hapana, huyu anarudi kwao. Wakatembea tena mpaka Bagamoyo. Tangu kwa Chitambo ilikuwa miezi karibu tisa.

Hapa mwili ukachukuliwa kwa meli. Mazishi ya Westminster Abbey, Aprili 1874, alihudhuria Wainwright peke yake katika wao. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita, wakasaidia kueleza habari zilizoingia kwenye kitabu cha shajara za mwisho za marehemu. Nishani za fedha zilitengenezwa kwa ajili ya wabebaji, lakini zilipofika huku wengi walikuwa wametawanyika. Nimesimama mara nyingi kwenye uwanja wa kanisa lile nikiwa na wanafunzi, na kila mara nimewaambia wayatamke majina yale kwa sauti: Susi, Chuma, Wainwright.

Kuna mtoto mwingine ambaye mwanao angepaswa kumjua, maana labda walilingana umri. Stanley alipokuwa Tabora mfanyabiashara mmoja alimpa mtoto mtumwa. Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu, akaenda naye London, akapiga naye picha studio, akamtia shule, na sanamu zao za nta zikawekwa kwenye maonesho ya Madame Tussaud. Mwaka 1873 Stanley akachapisha hadithi ya vijana, My Kalulu, ambamo mtoto huyo anakuwa mwana wa mfalme. Wavulana wa Kiingereza wakaisoma. Mwaka uliofuata Stanley akaondoka tena Bagamoyo, Novemba 17, na watu 356, na Kalulu yumo. Machi 1877 mtumbwi wake ulikokotwa na maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, akafa. Stanley akayapa maporomoko jina lake. Mtoto wa kwenye kitabu alipewa ufalme, na yule mwenye damu na nyama hakupewa hata nafasi ya kurudi kwa mama yake. Mimi ni mama. Siwezi kukisoma kitabu kile bila kuweka viwili hivyo pamoja.

Kati ya wale 356, waliorudi Unguja mwishoni mwa 1877 walizidi 100 kidogo tu. Wengine walitoroka, lakini wengi walikufa kwa ndui, kuhara, njaa, vita na mto. Mwanao akitaka kuchora na hilo, aachie nafasi kubwa.

Bibi Mwalimu, salaam kutoka Msambweni. Mimi ni mkwezi. Je, waandishi hao waliwahi kuziona nchi walizoziandika?

Wengine ndiyo. Haggard nimemtaja. G. A. Henty, aliyejaza rafu za watoto kwa hadithi za vita vya dola, alikuwa mwandishi wa habari wa vitani, akafuata majeshi ya Kiingereza Uhabeshi mwaka 1868 na Ashanti 1873. Aliona Afrika akiwa nyuma ya mizinga, na ndivyo vitabu vyake vilivyo.

Ila wewe kwa kazi yako utamkumbuka R. M. Ballantyne. Kitabu chake The Coral Island, cha wavulana watatu waliotupwa kisiwani, kilitoka mwishoni mwa 1857 naye hakuwahi kukanyaga kisiwa cha namna hiyo. Nazi alizozijua ni zile za madukani Uingereza, zilizokwisha fuliwa, kifuu kitupu na macho yake matatu. Akadhani ndivyo zinavyoning'inia mtini! Akasoma mahali kwamba nazi changa ina maji matamu, basi akampandisha mvulana juu, akaiangua, akatoboa kwa kisu kidogo cha mfukoni, akanywa. Hakuna kumbi, hakuna panga, hakuna utomvu kwenye shati. Kitabu kimeshauzwa, ndipo alipokuja kujua kwamba dafu ni kubwa karibu sawa na kichwa cha mtu na ganda lake la nje ni nene, kisu hicho hakifiki. Ballantyne alikiri kosa hilo hadharani, na tangu hapo akajitahidi kwenda kutazama mwenyewe kabla ya kuandika. Namheshimu kwa hilo. Lakini mwaka 1873 alitoa Black Ivory, hadithi ya biashara ya watumwa ya pwani yetu hii, na hiyo aliitunga kutokana na vitabu vya wengine. Nia yake ilikuwa njema, alitaka utumwa ukomeshwe. Tatizo ni kwamba kosa la nazi lilisahihishwa, ila kwa habari za watu wa mwambao hakuna aliyeombwa kumsahihisha.

Mwalimu, hapa Pangani tunasoma kila siku Stanley alisema, Burton alisema. Sisi hatukuwa na watu wa kuandika safari?

Walikuwepo, ndugu yangu, na mmojawapo ni wa hapa Bagamoyo. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa safari zilizosimuliwa na wenyewe kwa Kiswahili chao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kurani wa mji huu, anaeleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Sleman bin Mwenye Chande anaeleza safari ya bara. Na Selim bin Abakari anaeleza safari aliyofanya mwaka 1896 kwenda Urusi mpaka Siberia, pamoja na Mjerumani mmoja. Mswahili, kwenye theluji, anawatazama watu wa huko na kutuandikia wanavyoishi na wanavyokula! Zama zilezile Ulaya imejaa vitabu vya Mzungu anayewatazama Waafrika, huyu naye anawatazama wao, kwa utulivu, bila kumfanya mtu yeyote kuwa nusu mtu. Kingekuwa mkononi mwangu, kila mtoto wa sekondari angesoma kurasa zake kabla ya kusoma za Stanley.

Wasomaji wengi mnamjua Mtoro kwa Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903. Alikwenda Berlin kufundisha mwaka 1900, akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya Kijerumani ikawazuia kuingia nchini. Akarudi Ujerumani, akafia huko 1927. Mtu aliyeandika safari za mwambao alikatazwa kushuka mwambao.

Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa 1902 na 1903, na humo utamkuta Stanley akisimuliwa na mtu aliyemwona kwa karibu na ambaye analalamika kwamba ahadi hazikutimizwa. Msome, lakini ukumbuke pembe na watumwa vilivyomtajirisha. Simtetei, na wala sipendi tunapomfanya shujaa kwa sababu tu alikuwa wa huku.

Na wewe wa Pangani una deni la nyumbani: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, juu ya vita vya 1888 vilivyoanzia mji wako, na vya Bushiri bin Salim aliyenyongwa hapohapo Desemba 1889. Haggard alitunga vita vya Kukuana, ile nchi ya kwenye hadithi yake, akiwa Uingereza. Hemedi aliandika vita ambavyo moshi wake aliunusa. Ukiupata, usomeni barazani kwa sauti. Tenzi hazikutungwa zisomwe kimyakimya.

Shikamoo Bibi. Niko kidato cha tatu hapa Bagamoyo. Naandika hadithi ya safari ya 1874, lakini shujaa wangu ni mpagazi msichana. Je, wanawake walikwenda? Na mzigo ulikuwa na nini?

Marahaba mjukuu wangu, na hongera. Wanawake walikwenda, tena na watoto, na safari ile wengine walijifungua njiani. Shujaa wako ana haki ya kuwepo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu: marobota ya vitambaa vya merikani na kaniki, mifuko ya shanga, koili za waya wa shaba. Shanga zilikuwa pesa, na kila nchi ilikuwa na rangi inayoikubali. Ukifika na rangi isiyotakiwa unalala njaa, kwa hiyo mtu ajuaye wapi wanataka samesame nyekundu na wapi hawazitaki alikuwa wa thamani. Mbele anakwenda kirangozi na bendera, ndiye anayeweka mwendo na kuanzisha nyimbo. Usisahau mashua ya Stanley, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande mabegani mpaka kwenye maji, ikaunganishwa, na nahodha wake Uledi aliyewaopoa wenzake mtoni mara kwa mara.

Nenda Kaole ukatazame ufuko maji yakiwa yametoka, kisha utembee kuelekea Ruvu angalau mpaka miguu iseme. Vitu vya kwanza vya kuandika utavipata humo njiani. Ukimaliza sura ya kwanza niletee, niko nyumbani asubuhi zote isipokuwa Ijumaa, na jina la msichana wako niandikie kwa ukamilifu, pamoja na la baba yake na la kijiji alikotoka.